Jina la Mama katika Daftari: Kuutafuta Ukoo wa Mholanzi wa Kale

Utangulizi

Siku moja ya kiangazi mgeni kutoka Afrika Kusini alipitia Singida akiwa safarini kutoka Arusha kwenda Dodoma, akafika nyumbani kwangu kuomba maji na kivuli. Alikuwa Kaburu wa makamo, mtu mpole, naye alikuwa ametoka kutazama mahali babu yake alipolima chini ya mlima Meru zamani za Wajerumani. Mkobani mwake alichukua karatasi ndefu iliyokunjwa mara nyingi. Ilikuwa orodha ya ukoo wake, kizazi baada ya kizazi, nayo ilianzia kwa mtu wa karne ya 17 aliyeitwa Daniel Zaaiman, mzaliwa wa mji wa Vlissingen katika Uholanzi.

Barazani tulikuwa na mzee mmoja wa kanisa, Mnyaturu mwenye umri wa kutosha kuwa baba yetu sote wawili. Nilimtafsiria majina yale. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Mwanangu, umetutajia akina baba tu. Huyo wa kwanza alioa kwa nani?" Mgeni alinyamaza kidogo, halafu akajibu: "Hapo, mzee, ndipo penye habari yenyewe."

Makala haya yametokana na swali la mzee yule. Nia yangu ni kuufuata ukoo wa Mholanzi huyo kwa jinsi ambavyo mwanahistoria wa Kanisa angeufuata, na kuonyesha jambo moja: kwamba ile kweli ambayo sheria na mahubiri ya watu wengi waliikana kwa muda mrefu ilikuwa imehifadhiwa katika kumbukumbu za ubatizo na ndoa, nayo ilihifadhiwa kwa jina la mama. Jambo hilo latuhusu sisi tunaoshika kalamu katika ofisi za sharika.

Makaburu katika nchi yetu

Neno "Kaburu" limeingia katika Kiswahili likiwa na uchungu. Kwa kizazi kilicholelewa wakati wa mapambano ya ukombozi Kusini mwa Afrika, neno hilo lilikuwa jina la adui kuliko jina la kabila. Hata hivyo Makaburu hawakuwa watu wa mbali tu. Baada ya vita vyao na Waingereza vya mwaka 1899 hadi 1902, wengi walipoteza mashamba na mifugo, na baadhi yao hawakutaka kuishi chini ya bendera ya washindi. Serikali ya Wajerumani ilikuwa ikitafuta walowezi wa Kizungu, kwa hiyo kuanzia miaka ya 1904 na 1905 familia kadhaa zilifika na magari yao ya kukokotwa na maksai, zikapewa ardhi pande za Meru. Wengi hawakukaa sana. Wengine walihamia Uasin Gishu katika Kenya, ambako mwaka 1908 kundi kubwa la wenzao lilikuwa limefika kutoka Transvaal, na wengine walirudi Kusini.

Ardhi waliyopewa haikuwa tupu. Ilikuwa ya Wameru na Waarusha, na jeraha hilo lilifunguliwa tena mwaka 1951, serikali ya Waingereza ilipowahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki na Leguruki ili mashamba yao wapewe walowezi wa Kizungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi Umoja wa Mataifa kulieleza shauri hilo. Nalitaja mapema kwa makusudi, kwa sababu habari ya nasaba haiwezi kusomwa vema pasipo habari ya ardhi. Tutalirudia.

Njia ya mtafutaji

Mtu anayetafuta ukoo wake hana budi kwenda kinyumenyume, kutoka anachokijua hadi asichokijua. Huanza na baba na mama yake, kisha wazazi wao, na kila hatua huithibitisha kwa cheti cha ndoa, kwa daftari la ubatizo, au kwa wosia. Anayeruka hatua na kumrukia shujaa wa kale atapata ukoo wa kujitungia.

Kwa Makaburu njia hiyo huishia katika Rasi ya Tumaini Jema. Huko, tarehe 6 Aprili 1652, Jan van Riebeeck alishuka pwani kwa amri ya Kampuni ya Kiholanzi ya Uhindi ya Mashariki, ambayo ilikuwa imeundwa mwaka 1602. Kampuni haikutaka koloni. Ilitaka bustani ya mboga, maji safi, na nyama kwa ajili ya mabaharia waliokuwa wakienda Asia. Mwaka 1657 watumishi 9 wa kwanza waliruhusiwa kuacha kazi ya Kampuni na kulima kwa faida yao wenyewe, na tangu hapo bustani ilianza kugeuka kuwa nchi. Mwaka uliofuata, 1658, meli za watumwa kutoka Angola na Afrika ya Magharibi zilifika. Mchungaji wa kudumu alipatikana mwaka 1665, na daftari za kanisa za Rasi zinaanzia mwaka huohuo.

Daftari hizo ndizo zilizowawezesha wataalamu wa nasaba kufanya kazi yao. C. C. de Villiers alikusanya koo za kale za Rasi katika vitabu vilivyotolewa miaka ya 1893 na 1894, navyo vikawa msingi wa uchunguzi wote uliofuata. Lakini desturi ilikuwa kuanza kila ukoo na mwanamume mmoja kutoka Ulaya, ambaye kwa lugha yao huitwa stamvader, yaani baba wa shina. Mke aliandikwa pembeni yake. Macho ya wasomaji yaliteremka kwa akina baba, kama yalivyoteremka katika karatasi ya mgeni wangu. Aliyetaka kumwona mama ilimlazimu asimame na kuuliza.

Na majina ya akina mama hao yalikuwa yakisema. Neno "van" kwa Kiholanzi maana yake ni "wa kutoka". Mwanamke aliyeandikwa Angela van Bengale alikuwa mtumwa aliyetoka Bengal; aliachwa huru mwaka 1666, na mwaka 1669 akaolewa na Arnoldus Basson, nao wakawa wazazi wa ukoo mkubwa. Mtumwa hakuandikwa kwa jina la baba yake, bali kwa jina la nchi alikonyang'anywa. Hivyo mwandishi, pasipo kukusudia, alituachia ushahidi wa safari yake.

Binti aliyeitwa Eva

Sasa tulijibu swali la mzee. Daniel Zaaiman alikuwa mtumishi wa Kampuni, naye alimwoa Pieternella, binti ya Pieter van Meerhof na Eva. Na Eva huyo, kabla hajaitwa Eva, aliitwa Krotoa.

Krotoa alizaliwa yapata mwaka 1642 katika jamii ndogo ya Wakhoikhoi waliokaa karibu na ghuba ya Rasi. Mjomba wake, Autshumao, alikuwa akizungumza na mabaharia kabla Waholanzi hawajajenga ngome. Dada yake aliolewa na Oedasoa, mkuu wa Wacochoqua, watu wenye ng'ombe wengi. Akiwa msichana mdogo Krotoa alichukuliwa katika nyumba ya van Riebeeck, akavishwa nguo za Kizungu, akajifunza Kiholanzi na Kireno, akawa mkalimani. Alikuwa daraja kati ya watu wawili, na kila upande ulimtilia shaka kwamba anautumikia upande wa pili. Wachungaji wenzangu ambao wametumika kama wakalimani wataelewa taabu hiyo: mkalimani hulaumiwa kwa maneno ambayo hakuyatunga.

Tarehe 3 Mei 1662, siku chache tu kabla van Riebeeck hajaondoka Rasi, Krotoa alibatizwa ndani ya ngome na kupewa jina la Eva. Alikuwa wa kwanza kati ya watu wake ambaye ubatizo wake umeandikwa. Tarehe 2 Juni 1664 alifunga ndoa ya Kikristo na Pieter van Meerhof, tabibu wa Kampuni aliyetoka Denmark. Mwaka 1665 mume aliwekwa kuwa msimamizi wa kisiwa cha Robben, kisiwa kile kile ambacho karne tatu baadaye kilimfunga Nelson Mandela, naye mke akahamia huko pamoja naye. Mwaka 1668 van Meerhof aliuawa Madagaska alipokuwa katika safari ya Kampuni.

Yaliyofuata ni ya kusikitisha. Mjane alirudi bara na watoto wake, akaangukia ulevi, akanyang'anywa watoto, akarudishwa kisiwani kama mfungwa. Alifariki tarehe 29 Julai 1674. Mwandishi wa shajara ya Kampuni alimwandikia maneno makali sana, akionyesha kwamba hakuna dini wala elimu iliyoweza kuigeuza asili yake. Hata hivyo, kwa kuwa alikuwa amebatizwa, alizikwa kwa taratibu za Kikristo katika kanisa la ngome. Waliomdharau walishindwa kuufuta ubatizo wake.

Binti yake Pieternella alipelekwa Morisi mwaka 1677, wakati kisiwa hicho kilipokuwa bado mikononi mwa Waholanzi. Huko aliolewa na Daniel Zaaiman, wakazaa watoto wanane, wa kiume wanne na wa kike wanne. Mmoja wa mabinti hao walimwita Eva. Tulitafakari hilo. Bibi yake alikuwa amekufa katika aibu, na jina lake lilikuwa limetumika katika shajara kama mfano wa mtu asiyefaa. Binti yake akalichukua jina lile na kumpa mtoto wake mbele za Mungu. Mwaka 1709 familia hiyo ilirudi Rasi. Watoto wakaoa na kuolewa katika familia za walowezi, na leo wazao wa Krotoa ni wengi sana, wakiwamo Makaburu ambao babu zao walitajwa kwa heshima katika historia ya taifa lao.

Yaliyokanwa

Kanisa la Kiholanzi la Rasi lilikuwa na nafasi ya kujifunza kutokana na daftari lake lenyewe. Mwaka 1829 sinodi yake iliamua kwamba Meza ya Bwana iwe wazi kwa wote pasipo kutazama rangi. Lakini mwaka 1857 sinodi iliruhusu waumini weusi wahudumiwe katika majengo tofauti, kwa sababu ya udhaifu wa baadhi ya Wazungu. Ilikusudiwa kuwa ruhusa; ikawa desturi, na desturi ikatafutiwa theolojia.

Chama cha Makaburu kilipotwaa serikali mwaka 1948, theolojia hiyo ilipata askari. Mwaka 1949 ilitungwa sheria ya kukataza ndoa kati ya Wazungu na watu wa rangi nyingine. Mwaka 1950 ikatungwa sheria ya kuandikisha kila mtu kwa rangi yake. Ndoa ya Krotoa na van Meerhof, iliyofungwa kihalali mwaka 1664, ingekuwa kosa la jinai chini ya sheria ya wazao wake. Na tunasema wazao wake kwa uhakika. Mwaka 1971, ubaguzi ukiwa katika kilele chake, mtaalamu wa historia J. A. Heese, Kaburu mwenyewe, alitoa kitabu kilichotokana na uchunguzi wa daftari za ndoa na ubatizo, akakadiria kwamba yapata asilimia 7 ya asili ya watu wake haikutoka Ulaya. Wengi walikasirika. Daftari halikukasirika, liliendelea kusema lilichokuwa limeandikiwa.

Sisi Walutheri wa Tanzania tuna sehemu katika habari hiyo. Mwezi Juni 1977, Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni lilikutana Dar es Salaam, likatamka kwamba ubaguzi wa rangi Kusini mwa Afrika ni jambo linalogusa ukiri wa imani, yaani si suala ambalo Wakristo wanaweza kutofautiana kisha wakaendelea kana kwamba ni wamoja. Ni katika mkutano huohuo Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Sheria ya ndoa ilifutwa mwaka 1985, na ile ya kuandikisha watu kwa rangi mwaka 1991.

Uzi unaorudi kwetu

Mzee wa baraza hakuridhika na jina la Krotoa peke yake. Aliuliza tena: "Na hao Wakhoikhoi, walitoka wapi?" Ni swali linalotustahili sisi wa Singida, maana majirani zetu Wahadzabe wa upande wa ziwa Eyasi na Wasandawe wa upande wa Dodoma husema lugha zenye sauti za vidoko, kama lugha ya Krotoa. Hapa tahadhari yahitajika. Kidoko peke yake si ushahidi wa undugu. Lugha ya Wahadzabe haijaonyeshwa kuwa na uhusiano na lugha nyingine yoyote. Juu ya Kisandawe, baadhi ya wanaisimu wameona dalili za undugu wa mbali na lugha za Kikhoe, lakini jambo hilo bado linajadiliwa.

Ushahidi wa kushangaza zaidi umetoka ardhini. Katika mkoa jirani wa Manyara, mahali paitwapo Luxmanda, wachunguzi wa mambo ya kale, miongoni mwao Profesa Audax Mabulla, wamefukua makao ya wafugaji walioishi huko miaka 3,000 hivi iliyopita. Mwaka 2017 wanasayansi walitangaza matokeo ya kuchunguza chembe za urithi katika mifupa ya mtu mmoja wa Luxmanda, wakazilinganisha na za mfugaji mmoja aliyeishi magharibi mwa Rasi miaka 1,200 hivi iliyopita. Waliona kwamba yapata asilimia 40 ya asili ya mfugaji yule wa Rasi ilitokana na watu wa jamii ile ya Luxmanda. Kwa maneno mengine, ufugaji ulipofika kusini ya mbali, ulifika pamoja na damu ya watu wa nyanda zetu.

Hatusemi kwamba mfu yule wa Rasi ni babu wa Krotoa, hilo halijulikani. Tunasema kwamba jamii za wafugaji wa Rasi, ambazo Krotoa alizaliwa kati yake, zilikuwa na mizizi inayofika huku. Basi Makaburu waliofika Meru wakidai kwamba wao ni Wazungu watupu, huenda baadhi yao walikuwa wakipita, pasipo kujua, karibu na mahali walipochunga mababu wa mmoja wa bibi zao.

Hapa ndipo shauri la mwaka 1951 linapotuzuia tusiteleze. Je, undugu huo wa kale ungewapa walowezi haki ya shamba la Mmeru? Hasha. Nasaba haikuwa na haki ya kumfukuza mtu mezani pa Bwana, wala haina haki ya kumfukuza mtu katika kihamba chake. Faida yake ni kutufundisha unyenyekevu.

Orodha za ukoo katika Maandiko

Wanafunzi wangu huniuliza kama kazi hii yafaa kwa mtumishi wa Injili, ikiwa Paulo alimwonya Timotheo juu ya nasaba zisizo na mwisho. Jibu langu ni kwamba Maandiko yanajua matumizi mawili ya nasaba. Katika sura ya pili ya Ezra, makuhani waliokosa kuonekana katika orodha ya ukoo waliondolewa katika ukuhani. Hapo orodha ni lango lililofungwa. Katika sura ya kwanza ya Mathayo, orodha ya Mwokozi mwenyewe inamtaja Tamari, Rahabu, Ruthu, na yule aliyekuwa mke wa Uria: wanawake ambao mwandishi mwenye kujali heshima ya ukoo angewaruka. Mathayo hakuwaruka. Kwa Mathayo jina la mama ndilo mahali pa kuionea neema. Onyo la Paulo lawahusu wanaotafuta majivuno; lakini anayetafuta kweli atafika kwa Ruthu, na huenda akafika kwa Krotoa.

Hitimisho

Sipendi tumalizie kwa kuwahukumu Makaburu, maana ni rahisi mno. Sisi nasi tuna koo zinazojigamba, na tuna majina yanayonong'onwa. Misafara ya watumwa na pembe ilipita kusini ya mkoa wetu kuelekea pwani, na njaa zimehamisha watoto kutoka nyumba hadi nyumba. Zipo familia ambazo bibi yao aliletwa akiwa hana kwao, naye hatajwi.

Katika usharika mmoja niliowahi kuutumikia nilifungua daftari la ubatizo ili kumtolea mtu cheti. Wamisionari wa Leipzig walifika Iramba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na wale wa Augustana wakaendeleza kazi katika miaka ya 1920, wakituachia desturi ya kuandika kwa uangalifu. Katika daftari lile jina la baba lilikuwapo katika kila mstari. Safu ya mama ilikuwa tupu ukurasa baada ya ukurasa, hasa kwa watoto waliozaliwa nje ya ndoa au walioletwa na jamaa. Nilitazama mwandiko wa kurasa za mwisho. Ulikuwa wangu.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwauliza akina bibi baada ya ibada, nikiandika jina la mama, kwao, na aliyemlea mtoto. Nawaomba wenzangu wafanye hivyo, na wayaweke madaftari mbali na mchwa na mvua. Si kazi ndogo ya ukarani. Mwandishi wa Rasi aliyemwandika Eva hakujua kwamba anaandika hoja ambayo serikali nzima isingeweza kuijibu.

Mgeni wangu, kabla hajaondoka, alikunjua tena karatasi yake barazani na kuomba kalamu. Juu kabisa, kando ya jina la Daniel Zaaiman, aliandika Pieternella; na juu yake, mahali palipokuwa patupu, akaandika Krotoa. Mzee alimwomba amsomee tena toka mwanzo. Safari hii alianza na mama.